Hija za Wahindu Katika Milima Mirefu: Mwenye Kuhiji Aende Wapi?

Jioni hii tumekusudia kusema nanyi habari za hija ambazo wafuasi wa dini ya Kihindu huzifanya katika milima ya Himalaya, na hasa habari ya jambo moja linalowashughulisha wengi wao kila mwaka. Mahali patakatifu katika milima ile ni pengi, na nguvu za mtu zina mpaka wake. Basi, mwenye nia ya kuhiji achague kwenda wapi?

Huenda mtu akauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi?" Zatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujirani. Katika Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi, Unguja na Kampala wako Wahindu ambao wazee wao walivuka bahari kutoka Bara Hindi, na wengine wao hufunga safari ya kwenda kuhiji huko. Ni adabu njema kulijua jambo ambalo jirani yako hulitukuza. Ya pili ni kwamba sisi nasi tunayo milima mirefu, na hatari ya mlima haimwulizi mtu dini yake. Atakayesikiliza habari za Himalaya atajifunza pia jambo la kumfaa siku atakapopanda Kilimanjaro.

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mhindi ni mtu wa Bara Hindi, awe wa dini yo yote. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu, awe wa nchi yo yote. Si kila Mhindi ni Mhindu, kwa maana Waislamu, Wakristo, Masingasinga na watu wa dini nyingine wako wengi katika nchi ile.

Sasa tuingie katika maneno yetu. Himalaya ni jina la lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni makao ya theluji. Kutoka katika theluji ile hutoka mito inayonywesha mashamba ya mamilioni ya watu, na kwa hiyo si ajabu kwamba Wahindu tangu zamani wamepaheshimu mahali chemchemi zake zinapoanzia. Kwa Mwislamu mwenye uwezo, Hija ni faradhi, na mahali pake ni pamoja tu, nako ni Makka. Kwa Mhindu sivyo. Hakuna mahali pamoja palipowekwa kuwa lazima kwa wote. Ziara ni nyingi, kila mtu huchagua, na katika kuchagua ndimo taabu ilimo.

Tuanze na jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa Bara Hindi, penye hekalu nne ambazo kwa pamoja huitwa Char Dham, yaani Makao Manne. Desturi ni kuanza upande wa magharibi na kumalizia mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, kisha Badrinath. Iko pia Char Dham nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo imetawanyika katika pembe nne za nchi: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Badrinath peke yake imo katika hesabu zote mbili.

Yamunotri iko kwenye kimo cha futi 10,800 hivi, karibu na chanzo cha mto Yamuna. Motokaa hufika kijiji cha Janki Chatti, na kutoka hapo mtu hupanda kwa miguu mwendo wa maili tatu na zaidi, njia ikiwa ya kusimama sana. Karibu na hekalu pana chemchemi ya maji ya moto makali. Mahujaji hufunga mchele au viazi katika kitambaa, huvitumbukiza majini vikaiva, kisha huvirudisha nyumbani kuwa tabaruku.

Gangotri iko kwenye futi 10,200, nayo ni ya mto Ganga. Wahindu husimulia kwamba mto huu ulikuwa mbinguni, na mfalme Bhagiratha aliomba kwa miaka mingi hata ukashuka. Shiva akaupokea kwa nywele zake ili nguvu zake zisiivunje dunia. Hapa barabara hufika karibu na mlango wa hekalu. Atakaye kuona maji yakitoka katika barafu yenyewe hana budi kwenda tena kwa miguu yapata maili 11 mpaka Gaumukh, yaani Kinywa cha Ng'ombe.

Kedarnath iko kwenye futi 11,750, nayo ni ya Shiva. Ni mojawapo ya mahali 12 panapoheshimiwa kupita pote kwa ibada yake. Husimuliwa kwamba ndugu watano wa Pandava, baada ya vita vikuu vya Mahabharata, walimtafuta Shiva ili awasamehe damu ya jamaa zao waliyoimwaga. Shiva akajigeuza fahali akazama ardhini, nundu yake ikabaki juu. Jiwe linaloabudiwa ndani ya hekalu lina umbo la nundu hiyo. Barabara haifiki. Kutoka Gaurikund ni kupanda maili 10 hivi kwa miguu, au juu ya farasi, au kwa machela inayochukuliwa na wapagazi wanne. Wengine hupanda helikopta, ambayo hufika kwa dakika chache.

Badrinath iko kwenye futi 10,200 hivi, nayo ni ya Vishnu. Barabara hufika mjini, na mahujaji huoga kwanza katika chemchemi ya maji ya moto iliyo chini ya hekalu ndipo waingie. Liko jambo moja hapa linalopendeza kulifikiri: kuhani mkuu wa hekalu hii ya kaskazini hutoka Kerala, iliyo kusini kabisa ya nchi. Hivyo hekalu huiunganisha nchi kutoka mwisho mmoja hata mwisho wa pili.

Tutoke Uttarakhand, twende Kashmir. Huko liko pango la Amarnath, kwenye kimo cha futi 12,750. Ndani ya pango maji hudondoka na kuganda, yakafanya nguzo ya barafu ambayo kwa Wahindu ni alama ya Shiva. Nguzo hiyo huyeyuka kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo ziara yake ni ya majuma machache tu, katika Julai na Agosti. Njia ni mbili. Ya Baltal ni fupi, maili 9 hivi, lakini ni kali. Ya Pahalgam ni ndefu zaidi, maili 20 kutoka Chandanwari, na hulazimu kulala njiani katika mahema. Yasimuliwa kwamba aliyelionyesha pango hili katika karne ya 19 alikuwa mchungaji Mwislamu, jina lake Buta Malik. Na hata leo wengi wa wenye farasi na wapagazi wanaowapandisha Wahindu pangoni ni Waislamu wa nchi ile.

Mwisho ni Kailash, mlima ulio Tibet, katika himaya ya China. Kilele chake kina futi zipatazo 21,800, wala hakuna mtu anayejulikana kuwa amekifikia, kwa kuwa ni kitakatifu kwa dini nne: Wahindu, Wabudha, Wajaini na Wabon. Hija yake ni kuuzunguka mlima, mwendo wa maili 32, aghalabu kwa siku tatu, na kulitazama ziwa Manasarovar lililo kwenye futi 15,000. Katika mzunguko huo mtu hupita penye genge la Drolma, lenye kimo cha futi 18,500 hivi.

Ili hesabu hizi zisiwe maneno matupu, tuzilinganishe na Kilimanjaro. Kilele cha Kibo kina futi 19,340. Vibanda vya Horombo, ambapo wapandaji hulala usiku wa pili, viko kwenye futi 12,200. Basi anayekwenda Kedarnath hufika karibu na Horombo. Anayekwenda Amarnath hupita juu kidogo ya Horombo. Anayelala kando ya ziwa Manasarovar amelala karibu na kimo cha kibanda cha Kibo, na anayepita Drolma amebakiza futi 840 hivi tu kufikia kimo cha kilele chetu. Tena wengi wao si vijana wapenda milima. Ni akina baba na akina mama wenye mvi, waliokaa tambarare au pwani maisha yao yote.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito. Katika kimo cha Kedarnath, kila pumzi huleta theluthi mbili tu ya hewa tunayoivuta pwani. Katika Drolma huleta nusu. Mwili unao uwezo wa kuzoea, lakini hauzoei kwa kuamrishwa. Huzoea kwa siku. Asiyeupa siku hizo huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi na kuishiwa pumzi. Ugonjwa ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na hapo mauti hayako mbali. Waganga hushauri kwamba mtu akishapita futi 10,000, asilale usiku wa pili juu ya usiku wa kwanza kwa zaidi ya futi 1,600, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja.

Zamani, hujaji wa Kedarnath alianza kutembea Rishikesh, penye kimo cha futi 1,200 tu, akaenda majuma kadha wa kadha. Alichoka, alilala katika vibanda vya njiani, na wengine walikufa kwa maradhi na ajali. Lakini kwa habari ya hewa, miguu yake mizito ilikuwa dawa yake, kwa maana kila siku ilimpandisha kidogo tu. Leo motokaa humtoa mtu Rishikesh asubuhi, jioni yuko chini ya mlima, na kesho yake anasimama mbele ya hekalu. Barabara imeondoa taabu ya zamani ikaleta hatari mpya. Mwaka 2023 mahujaji wa Char Dham walipita milioni 5. Katika msimu wa mwaka 2022 walikufa zaidi ya 200, wengi wao kwa maradhi ya moyo na ya kimo. Helikopta nayo si kinga: tarehe 15 Juni 2025 moja ilianguka karibu na Gaurikund, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Ziko pia hatari ambazo hata mwenye nguvu hawezi kuzizuia. Katika Agosti 1996 dhoruba ya theluji iliwakuta mahujaji wa Amarnath njiani, na watu zaidi ya 200 wakafa. Katika Agosti 1998 maporomoko ya mlima yalikifukia kijiji cha Malpa, na mahujaji 60 wa Kailash walikuwa miongoni mwa waliokufa. Katika Juni 2013 mvua kubwa na ziwa lililopasuka juu ya Kedarnath viliteremsha maji, matope na mawe. Maelfu ya watu wakapotea katika jimbo lile. Hekalu ilisalimika, kwa kuwa jiwe kubwa lilisimama nyuma yake likayagawa maji. Tena mwezi wa Aprili 2025, karibu na Pahalgam, watu wenye silaha waliwaua watu 26, na ziara ya Amarnath ya mwaka ule ikafanyika chini ya ulinzi mkali.

Kwa ajili hizo serikali zimeweka masharti. Kwa Char Dham lazima mtu ajiandikishe kabla ya kupanda. Kwa Amarnath lazima awe na cheti cha mganga, na umri wake usiwe chini ya miaka 13 wala kupita 70. Kwa Kailash, serikali ya India huchagua kwa kura raia wake wenye umri wa miaka 18 hadi 70, kisha huwapima afya, na wasiofaa hurudishwa. Safari hiyo ilisimama tangu mwaka 2020, ikaanza tena Juni 2025. Mhindu wa Afrika ya Mashariki ambaye si raia wa India hana nafasi katika kura hiyo. Yeye hutafuta njia nyingine, aghalabu ya kupitia Nepal.

Basi achague vipi? Tumfikirie mzee mmoja wa miaka 68, mwenye duka mjini Mombasa, ambaye damu yake ina shinikizo na magoti yake yanauma. Wanawe wamepata fedha, nao kwa mapenzi wanamwambia, "Baba, tumekusudia kukupeleka Kailash, maana hiyo ndiyo kubwa kuliko zote." Maneno yao ni ya heshima, lakini huenda yakamwua. Kabla hajaitikia, na ajiulize maswali manne.

La kwanza: mwili wangu waweza nini? Jibu hili si la kutoa sebuleni. Na aende kwa mganga apimwe moyo, mapafu na damu, na miezi mitatu kabla ya safari aanze kutembea kila siku. Magoti yakikataa ngazi za nyumbani, hayatakubali njia ya Yamunotri.

La pili: nina siku ngapi? Mwenye siku kumi asitake hekalu nne. Afadhali aende mbili za barabara, Gangotri na Badrinath, akilala njiani mahali pa chini kabla ya kulala pa juu. Waliosema "Kawia ufike" hawakuijua Himalaya, lakini walisema kweli yake.

La tatu: msimu ni upi? Hekalu nne hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au katika Mei, na kufungwa Oktoba au Novemba. Julai na Agosti ni miezi ya masika ya huko, milima hulegea na barabara hukatika. Mei na Juni hali ni nzuri lakini watu ni wengi kupita kiasi. Mzee wetu yamfaa Septemba mwishoni au Oktoba, mvua ikiisha na msongamano ukipungua, ila achukue nguo nzito kwa ajili ya baridi.

La nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: nakwenda kutafuta nini? Mtu wa Shiva moyo wake humvuta Kedarnath. Mtu wa Vishnu humvuta Badrinath. Anayetaka kuwaombea wazee wake waliokufa, Badrinath pia pana mahali pa ibada hiyo kando ya mto. Lakini akiwa anatafuta sifa, ili majirani waseme amefika alikoshindwa fulani, huyo na akae nyumbani, kwa kuwa mlima hauna huruma kwa mwenye kushindana nao.

Na wenzake wa safari nao washike sharti moja: yeye akiumwa kichwa na kutapika, wasimpandishe hatua moja zaidi, na akikosa pumzi hali ameketi, au akipepesuka na kusema ovyo, wamteremshe saa ile ile, hata ikiwa hekalu imekwisha kuonekana. Dawa ya maradhi ya kimo iliyo bora ni kushuka.

Itakuwaje, basi, ikiwa mganga amemkataza mzee wetu kabisa? Hapa desturi yenyewe ya Kihindu imetengeneza njia, nayo twaiona kuwa ya hekima kubwa. Theluji inapofunika hekalu, makuhani huzifunga, na sanamu zitumikazo katika maandamano huteremshwa kwa ngoma na nyimbo mpaka makao ya chini ya wakati wa baridi. Ya Gangotri hushuka Mukhba, na ya Yamunotri hushuka Kharsali. Ibada ya Badrinath huhamia Pandukeshwar na Joshimath. Ya Kedarnath hushuka Ukhimath, penye futi 4,300 tu, kimo ambacho watu wa Arusha na Moshi hawakioni kuwa kitu. Huko ibada huendelea kila siku hata majira ya joto yarudi, na njia hazina msongamano. Serikali ya Uttarakhand sasa huwahimiza watu waende kuhiji huko wakati wa baridi.

Kwa hiyo mzee yule wa magoti mabovu hakunyimwa chochote. Na awaambie wanawe, "Wanangu, fedha zenu nimezipokea kwa shukrani. Mwezi wa Januari mnipeleke Ukhimath." Atafika, atasali, atarudi kwake salama na kuwasimulia wajukuu. Wala asihesabu kuwa amepata hija ndogo. Kwa imani ya watu wake, mungu aliye juu katika majira ya joto ndiye yule yule aliyeshuka bondeni.

Nanyi wanafunzi mnaotusikiliza, chukueni ramani kesho mtafute Rishikesh, Kedarnath na Kailash, kisha someni kimo cha kila mahali, mkilinganishe na kimo cha kijiji chenu. Mtaelewa kwa nini mwenye kwenda mlimani, awe hujaji au mtembezi, hana budi kuhesabu siku zake kabla ya kuhesabu fedha zake.